Barua Isiyo na Mtu Ndani

Nilimchukia Ildephonse miezi saba kabla sijamwona uso. Wengine huchukiana kwa sababu ya mpaka wa shamba au mume. Mimi nilimchukia kwa sababu ya maandishi yake, na nilimchukia kwa moyo wangu wote, kila Jumapili, baada ya misa.

Nieleze kwanza mimi ni nani. Mwaka huo wa sitini na sita nilikuwa mwalimu wa darasa la pili pale Nyakabere, binti mkubwa wa Gaspard, mkulima wa mpunga. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na sikuwa na mume. Watu walisema ulimi wangu ndio uliowafukuza wanaume. Si kweli. Nusu ya wanaume walikuwa wamekimbia vita. Ulimi wangu ulifukuza ile nusu iliyobaki tu.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kuwasomea watu barua. Dereva Nzeyimana alizileta kutoka Uvira na lori lake la mpunga, akanikabidhi zote, na Jumapili watu walikusanyika uani kwetu, kando ya jiko la mama. Kwetu barua haikusomwa kimya, wala haikufunguliwa kabla wenyewe hawajaketi. Ilifunguliwa mbele ya wote na kusomwa kwa sauti, na kila aliyetajwa jina aliitikia kana kwamba aliyeandika amesimama pale mlangoni. Barua ikisema, "Jambo, Mama Libérate," mama yangu alijibu, "Jambo, mwanangu, iko unapona?" Barua ikiuliza mbuzi kama amezaa, mwenye mbuzi alijibu amezaa, na jirani akaongeza kwamba amezaa mapacha. Niliwahi kusoma barua ya kurasa mbili ikachukua asubuhi nzima, kwa sababu bibi mmoja alitajwa mara tatu, na mara zote tatu alisimama akacheza.

Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu. Wakati wa uasi, mwaka wa sitini na nne, watu wa bonde letu walitawanyika, huyu Bujumbura, huyu Uvira, huyu hajulikani yuko wapi. Vita ilipoondoka barabarani na kupanda milimani, barua zikaanza tena kuja. Kila jina lililoitikiwa pale uani lilikuwa jina la mtu aliyepona. Tulikuwa tunahesabiana bila kusema.

Kisha zikaanza kuja barua za Ildephonse. Zilikuwa zimepigwa kwa mashini, karatasi safi, mistari imenyooka, na chini kabisa muhuri wa zambarau: "Ildephonse, Karani, Uvira." Ya kwanza niliisoma nimejaa heshima. Nikafika mwisho, nikainua macho. Watu walikuwa wananitazama vilevile kama kabla sijaanza. Hakuna aliyekuwa ameitikia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametajwa. Mzee mmoja aliuliza kwa upole, "Mwalimu, utaanza saa ngapi?"

Ikaja ya pili, ikaja ya tano. Mtoto aliandikia mama yake, na barua ikasema kwamba "hali ya mhusika inaridhisha kwa kadiri inayowezekana." Mama akaniuliza mhusika ni nani, na kama huyo mhusika anamfahamu mwanawe. Mimi, ambaye barua haikuwahi kunishinda, hata zile zilizoandikwa kwa mkaa, nilianza kukisia. Nikikisia vizuri, watu walifurahi. Nikikosea, walikuja kunigombeza nyumbani. Huyo karani alikuwa amekaa Uvira na viatu vyake, na mimi ndiye niliyekuwa naonekana mjinga.

Basi tuje kwenye barua yenyewe. Mdogo wangu Marie-Jeanne alikuwa ameposwa na Firmin kabla ya vita. Firmin alikuwa kijana wa Sange, mrefu, mcheshi, anayeimba hata akiwa anapalilia. Ng'ombe wawili wa mahari walikuwa wamekwisha kuonyeshwa. Vita ikaja, ng'ombe wakaliwa na watu tusiowajua, na Firmin akakimbilia Uvira, akapata kazi ya kupakua mizigo bandarini Kalundu. Kwa miaka miwili hatukupata neno lake. Marie-Jeanne alingoja. Baba hakupenda kungoja. Ng'ambo ya mfereji alikuwako Evariste, mtu wa ng'ombe watano na sauti moja tu, ya polepole, aliyekuwa ameomba mara tatu. Baba akasema: hadi Pentekoste. Kama hadi siku hiyo hakuna neno la Firmin lenye maana, wajomba wa Evariste wataleta kasiksi yao, na yeye ataionja. Na baba akionja pombe ya ndizi ya wenye kuposa, mambo yamekwisha.

Jumapili moja kabla ya Pentekoste, Nzeyimana akaleta barua ya Firmin. Uani kulijaa. Marie-Jeanne alikuwa amevaa kitenge kipya akaketi mbele. Nikafungua, nikaona mistari iliyonyooka na muhuri wa zambarau. Nikasoma:

"Mwenye kutia sahihi hapa chini ana heshima kubwa ya kuwaarifu kwamba, kufuatana na mambo yaliyoikumba jamhuri yetu changa, shauri lililo kati ya pande zinazohusika halikusahauliwa, bali lingali linaangaliwa, na kwamba litakapopata nafasi inayolifaa litatimizwa kadiri ya uwezo utakaokuwapo. Inaombwa kusiwe na hatua yoyote upande wa huko kabla ya hatua itakayochukuliwa upande wa hapa. Kwa heshima zinazostahili."

Kuku mmoja akapita katikati yetu, na wote tukamtazama yeye.

"Sasa?" baba akasema. "Anakuja ao hakuji?"

Mama Libérate alishika mashavu. "Banamufunga! Hiyo njo maneno ya mu gereza. Mwanangu Firmin banamufunga!"

Baba mdogo alikataa. Kwa maoni yake Firmin amekuwa mkubwa serikalini, ndiyo maana anasema jamhuri, jamhuri, na mtu wa namna hiyo hawezi tena kuoa msichana wa Nyakabere. Jirani mmoja alisema hapana, Firmin ana mke mwingine, na huo ndio "upande wa hapa." Bibi yule mchezaji aliuliza kwa nini Marie-Jeanne anaangaliwa, ana ugonjwa gani. Kila mtu alikuwa na barua yake, na zote zilitoka katika karatasi moja.

Marie-Jeanne alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, fasi gani mu barua banasema jina yangu?"

Nikatazama tena, ingawa nilijua. "Haiko," nikamwambia.

Akainuka, akaingia ndani. Baba alikunja ile karatasi kwa heshima kabisa, maana alipenda muhuri, akaitia mfukoni. "Barua ni muzuri," akasema. "Lakini hainiambie kitu. Siku ya Mungu banaleta kasiksi, nitaonja."

"Baba, minye nitaenda Uvira kumuuliza."

"Enda. Lakini usiniletee maneno ya mu kinywa. Weye ni dada yake, utasema ile inamufurahisha. Minye nataka karatasi."

Siku ya Jumatano niliwaachia wanafunzi wangu kazi ya kupalilia shamba la shule, nikapanda mbele kwa Nzeyimana, na njia nzima nilifanya mazoezi ya matusi. Nilikuwa nayo ya Kiswahili, ya Kifuliiru, na mawili ya Kifaransa niliyoyasikia kwa masista walipodhani sipo karibu. Kwenye kizuizi cha barabara askari walitazama magunia, wakatufungulia. Tulipofika Uvira ziwa lilikuwa limetulia, wanawake wameanika ndagala, dagaa wa kwetu, kwenye mchanga kote kote, na harufu ile nzuri ilinipunguzia hasira kidogo. Nikaiongeza tena.

Karani alikuwa anakaa kwenye baraza ya fundi cherehani, karibu na soko. Nilitegemea kumkuta mzee mwenye kitambi. Nilimkuta mtu wa miaka kama thelathini na tano, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Mbele yake mashini ya kuandika, na foleni ya watu sita.

Nikapita wote sita. "Njo weye Ildephonse?"

"Njo minye, mama. Lakini kuko foleni."

"Foleni yangu ilianza mwezi wa kumi mwaka jana. Minye Honorine wa Nyakabere. Njo minye banasomea barua zako."

Uso wake ukang'aa, niwe mkweli. Akasimama, akavua miwani. "Ile bantu ya Nyakabere wanapenda kazi yangu?"

Matusi yote ya njiani yakanitoka kichwani. Niliweza kumwambia tu, "Kaa. Kamata hii, unisomee." Nikampa ile barua. Nilikuwa nimeiiba mfukoni mwa baba.

Akaisoma kwa sauti nzuri ya kanisani. Foleni ikasikiliza kwa heshima.

"Vizuri," nikasema. "Sasa uniambie: Firmin anakuja ao hakuji?"

Ildephonse akaitazama karatasi mbele, akaigeuza nyuma. Akapekua faili lake akatoa nakala, akaisoma hiyo pia, kana kwamba nakala ingekuwa na akili zaidi.

"Mama," akasema, "tuende tumuulize."

Foleni ilicheka, na mmoja akasema atatungoja, maana hawezi kukosa mwisho wa jambo hili. Tulitembea hadi Kalundu pale mizigo inapopakuliwa, mimi mbele na karani nyuma akilinda viatu vyake na matope. Firmin alikuwa na gunia la chumvi begani. Aliponiona alilitupa chini, akanishika mikono yote miwili, akacheka, na macho yakajaa machozi hapo hapo.

"Shemeji! Marie-Jeanne iko?"

"Iko. Anakungojea. Uniambie upesi, ulitaka kusema kitu gani mu barua?"

"Si nilisema? Minye nakuja Jumamosi ya tarehe ine ya mwezi wa sita, kwa barabara ya Sange, na bajomba bangu bawili na ngombe moja. Ya pili itafuata, mupunga ikishavunwa. Na nilisema Marie-Jeanne asikubali muntu mwingine, sababu tangu tulikimbia sijapita siku bila kumuwaza." Akamgeukia karani. "Haukuandika?"

Ildephonse alitazama ziwa. "Niliandika kwa namna yangu," akasema.

Tukarudi barazani, nikaketi kwenye kiti cha wateja. "Andika ile amesema. Vile vile."

Akatia karatasi, akapiga: "Mwenye kutia sahihi hapa chini ana heshima..." Nikaichomoa. Akatia nyingine: "Inaarifiwa kwamba katika siku za karibuni..." Nikaichomoa. Ya tatu ilianza na jamhuri. Nikaikunja kwa ngumi, nikapiga meza, na hapo matusi yalinirudia yote, hata yale ya masista. Nilimwambia ana kiburi. Nilimwambia anaficha maneno kama bahili anavyoficha sukari, kusudi watu wamwone ana elimu. Nilimwambia mdogo wangu ataolewa na mtu asiyempenda kwa sababu ya madaha ya karani wa Uvira.

Hakukasirika. Alivua miwani, akaipangusa na pindo la shati, akaharibu pasi yake yote.

"Minye nilikuwa na mudogo wangu," akasema. "Thaddée. Wakati ya vita nilimuandikia mama yetu barua ya mistari miwili. Thaddée anakuja Jumatano, kwa njia ya Kiliba. Barua ilifunguliwa ku kizuizi. Balijua jina, balijua siku, balijua njia. Balimungojea pale."

Fundi cherehani alikuwa ameacha kukanyaga mashini yake. Nikauliza, kwa ujinga, "Ilikuwa upande gani? Baasi ao baaskari?"

"Upande gani? Pande zote zilijua kusoma." Akavaa miwani. "Tangu siku ile, barua zangu hazina muntu ndani. Na hakuna hata moja ya bantu niliwaandikia alikamatwa, mama. Hata moja. Bakizifungua, banachoka, banazifunga."

Nililia. Mimi si mtu wa kulia mbele ya makarani, lakini nililia, na nilimwomba msamaha mbele ya foleni nzima. Miezi saba nilimdhania mtu wa majivuno, kumbe alikuwa anawafunika watu kwa maneno, mmoja mmoja. Barua zilizonitesa mimi zilikuwa zimewatesa pia wale wa kwenye vizuizi, na hao walistahili.

"Lakini vita imetoka mu barabara," nikamwambia baada ya kupenga kamasi. "Sasa unabafunika hata kwa mama zabo."

Akaisukuma mashini pembeni, akachukua kalamu. "Kwa mukono," akasema. "Mashini haiwezi. Unipe majina ya bantu ya kwenu."

Nikampa, moja baada ya jingine, na yeye akaandika. Majina ya salamu yalikwenda vizuri. Alipofika kwenye neno lenyewe alianza kuikandamiza kalamu. Aliandika "Minye Firmin," akapumzika. Aliandika siku, akanywa maji. Kwenye njia aliinua kalamu akanitazama.

"Itasafiri mu kitenge yangu," nikamwambia. "Na minye nitakuwa ndani ya kitenge."

Akacheka, mara ya kwanza, na nikaona ana mwanya. Akaandika: kwa barabara ya Sange.

Nililala kwa shangazi, na Alhamisi nikapanda lori kurudi. Kwenye kizuizi, safari hii, askari alitaka kila kitu. Alikuwa mtu wa Kasongo, kijana mpana, bunduki imening'inia kama mfuko wa sokoni. "Mama, iko nini pale?" Alikuwa ameona mkono wangu ukikimbilia kifuani. Nikatoa barua. Jina, siku, njia, vyote vilikuwa mle.

Akaifungua, akasoma kwa sauti, polepole, akiweka kidole: "Jambo, Baba Gaspard. Jambo, Mama Libérate, iko unapona mugongo? Jambo, bibi mwenye kucheza." Akasimama. "Bibi mwenye kucheza!" akawaambia wenzake. Akaendelea hadi mwisho, hadi kwa Marie-Jeanne, na alipomaliza alikuwa anatabasamu peke yake. Kisha akaikunja taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Hii barua iko na bantu ndani," akasema. "Minye niko na mama ku Kasongo. Miaka miwili namuandikishia barua ku ofisi, hajibu. Huenda haelewe. Nani ameandika hii?"

Hapo ndipo nilipoelewa hofu ya Ildephonse kwa mwili wangu mwenyewe. Askari ananiuliza jina kwenye kizuizi, na ulimi wangu, huo unaosifika, ulinikauka. Nikamtazama. Alikuwa mtoto wa mtu, na alikuwa ameukumbuka uso wa mama yake. Nikasema, "Anaitwa Ildephonse. Ku Uvira, baraza ya fundi cherehani, karibu na soko. Mwambie Honorine amekutuma."

Siku ya Pentekoste wajomba wa Evariste walifika mapema na vibuyu vitatu, wakaviweka katikati ya uani. Baba aliketi mbele ya vibuyu, na mimi nikasimama na karatasi. Nikafungua.

"Jambo, Baba Gaspard."

Baba alikuwa amekusudia kukaa kama hakimu. Akajikuta ameitikia. "Jambo, mwanangu."

"Jambo, Mama Libérate, iko unapona mugongo?"

"Ninapona! Yesu, amekumbuka mugongo yangu!"

Bibi alipoitwa alisimama akacheza, na mmoja wa wajomba wa Evariste akampigia makofi kabla hajakumbuka yuko upande gani. Kisha nikafika: "Minye Firmin nakuja kwenu Jumamosi ya tarehe ine ya mwezi wa sita, kwa barabara ya Sange, na bajomba bangu bawili na ngombe moja. Ya pili itafuata, mupunga ikishavunwa. Marie-Jeanne, usikubali muntu mwingine. Sijapita siku bila kukuwaza."

Mdogo wangu alisimama. Kwa kawaida yetu mtu huitikia akiwa ameketi, lakini yeye alisimama, akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mfereji, "Niko hapa, Firmin! Kuja!"

Uani kulilipuka. Mama alipiga vigelegele, watoto wakarukaruka bila kujua sababu. Baba aliomba karatasi, akaitazama mbele na nyuma. "Haina muhuri," akanung'unika. "Na ni fupi. Lakini nimesikia." Akawageukia wajomba wa Evariste, akawaambia kwa adabu kwamba kasiksi yao hawezi kuionja. Mjomba mkubwa akasema kwamba kubeba vibuyu vitatu juani mara mbili ni upumbavu, na kama haionjwi kwa ajili ya ndoa, basi inywewe kwa ajili ya Pentekoste. Ikanywewa. Baba aliionja pia, akiwa wa mwisho, baada ya kutangaza mara tatu mbele ya mashahidi kwamba haina maana yoyote.

Firmin alikuja siku ile ile aliyosema, kwa njia ile ile aliyosema, akiimba. Ng'ombe alikuwa mwembamba lakini alikuwa ng'ombe.

Na barua za Ildephonse zikabadilika. Zilikuja kwa mkono, zimejaa salamu na magonjwa na mbuzi, na Jumapili zetu zikawa ndefu hadi watu wakaanza kuja na chakula. Moja ilitoka kwa askari wa Kasongo mwenyewe. Alikuwa anaitwa Damien, na aliniarifu kwamba mama yake amejibu, kurasa nne. Nilizisoma zote nikifurahi, na nikijua mkono ule unasita wapi. Kwenye kila siku na kila njia wino ulikuwa mzito kidogo.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba, Nzeyimana alileta barua sita. Nikazisoma tano. Ya sita juu yake iliandikwa, "Nyumba ya Baba Gaspard." Wenyewe walikuwa wameketi, kwa hiyo nikafungua, nikaanza kusoma kwa sauti kama siku zote.

"Honorine."

Miaka yote ile nilikuwa nimewasomea watu majina yao, na hakuna barua hata moja iliyowahi kuniita mimi. Sikujua mtu anafanyaje. Watu wakangoja.

"Endelea, mwanangu," baba akasema.

Nikaendelea: "Minye Ildephonse, karani wa Uvira, nakuja kwenu Jumamosi ya tarehe sita ya mwezi wa nane, kwa barabara ya Sange, na kamyo ya Nzeyimana. Nakuja kukuomba kwa baba yako. Kama hautaki, useme sasa, nisichafue viatu."

Jina, siku, njia. Wino ulikuwa mzito karatasi nzima. Nilifikiri amekunywa maji mara ngapi siku hiyo, na mashini imesukumwa pembeni, na fundi cherehani ameacha kukanyaga ili amtazame.

Hakuna aliyecheka. Mama Libérate alinigusa kiwiko.

"Itikia, Honorine," akasema. "Amekuita."

Nikaishusha karatasi. Nikatazama upande wa barabara, huko Uvira iliko, nikasimama wima kama alivyosimama mdogo wangu.

"Niko hapa," nikasema. "Kuja."